Mwaka wa Waya Masikioni

Tulimzika Senge Jumamosi, na Jumatatu tukabaki watu wazima watatu katika nyumba yake ya Amalemba, mimi na watoto wake Brenda na Timo, tukigawana sufuria na kufungua droo ambazo mwenyewe hakuwa amezigusa kwa miaka. Senge alikuwa dada wa baba yangu. Ndivyo tunavyowaita shangazi zetu huku kwetu. Niliishi kwake mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka kumi na tisa. Brenda ndiye aliyekitoa kile kidude chini ya vitambaa vya makochi: MP3 yake, nyeusi, ndogo kama kiberiti, waya za masikioni zikiwa bado zimezungushwa juu yake. Binti yake mdogo aliyekuja naye akataka kujua ni nini. Akaambiwa ni ya kusikiza nyimbo. Akauliza kama inapiga simu, akaambiwa haipigi. Akauliza kama inapiga picha, akaambiwa haipigi. Akairudisha mezani kwa huruma, kama mtu anayemrudisha mgonjwa kitandani. "Lakini huyu Rosa ndiye alipendanga muziki kutushinda sisi wote," Brenda akasema akininyoshea kidole. "Hizo waya hazikutokanga kwa masikio. Ukimwitia chakula, unapiga kelele mpaka jirani ndiye anakuja." Tukacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikatoka nje kumwaga takataka na nikajikuta nimeshika ukuta, maana MP3 yangu ilikufa mwezi wa tatu wa mwaka ule, na tangu siku hiyo sikusikia ndani yake hata wimbo mmoja.

Nilikuwa narudia kidato cha nne. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeanguka mtihani, na si kwa uzembe. Mama alikuwa ameanza kuumwa tumbo, na kila nilipofungua kitabu nilimsikia akijigeuza kitandani upande wa pili wa pazia, nikasoma mstari mmoja mara nne bila kujua umesema nini. Ndipo Senge akaamua nije Kakamega nisome shule ya kutwa mjini, mbali na kile kitanda. Mama akabaki nyumbani, karibu na Iguhu, na kila aliyetoka huko aliniambia anaendelea vizuri. Mwezi wa kwanza mwana mkubwa wa Senge akaja likizo kutoka Uarabuni alikokuwa akifanya kazi, akatuletea MP3 tatu za sura moja: moja ya Brenda, moja ya Timo, moja yangu. Siku hizo simu ya kucheza nyimbo ilikuwa ya wenye nazo, na kaseti zilishaanza kuonekana mambo ya wazee, kwa hiyo tulitembea mjini tukijiona watu. Ya Brenda haikuwahi kumsumbua hata siku moja. Kila Jumamosi aliipeleka kwenye kibanda fulani karibu na steji, ambako kijana mwenye kompyuta alikuwa akiwajazia watu nyimbo, na akarudi na za injili, za rumba na za Kizungu zote zimechanganyika. Alifagia nazo, akapika nazo, akajifunza kuimba sauti ya pili, na mpaka leo anaimba kwaya na kusema mwalimu wake ni kile kidude. Ya Timo ilipata virusi katika kibanda kilekile. Majina ya nyimbo yakageuka alama ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma, kisha sikio moja likazimika, ikabidi awe anaukunja waya na kuushikilia kwa kidole gumba, akawa anatembea ameweka mkono kifuani kama mtu anayekula kiapo. Mwishowe aliifungua kwa kisu cha jikoni juu ya meza ya chakula. Alipoirudisha, skrubu mbili zilikuwa zimebaki nje na wimbo mmoja tu ulikuwa umebaki ndani. Aliusikiza huo mmoja kwa muda, akachoka, akairusha juu ya paa. Ukimuuliza leo atakuambia hakuna mashine ya bure iliyowahi kumfaa mtu.

Yangu ilikufa kwa maji. Niliisahau kwenye mfuko wa sketi ya shule nikailoweka pamoja na sketi. Nilipoitoa, taa yake ndogo ilikuwa bado inawaka, na nadhani ningeiacha tu ingepona. Lakini mimi ni mtoto wa shamba, na kwetu kitu kikilowa kinaanikwa. Nyuma ya nyumba Senge alikuwa ametandaza mahindi juu ya turubai, basi nikaifukia humo katikati, nikiamini mahindi yatafyonza maji na jua litamalizia. Jua lilimalizia kweli. Jioni niliikuta imevimba, kioo kimekuwa cheusi, na kuku anaidonoa. Mwana wa Senge alikuwa bado yuko nyumbani, na sikuona ningemwambiaje kwamba zawadi yake nimeianika na mahindi. Nikaipangusa, nikaitia mfukoni, nikaweka waya masikioni kama kawaida, nikaingia kula.

Ilikuwa obusuma, ugali wetu, na mboga ya kunde, nakumbuka. Senge alinitazama, akaona waya, akamgeukia mwanawe na kusema kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi: "Huyu msichana anaoshanga vyombo kumshinda Brenda, na hakuna mtu amemtuma." Mwanawe akamuuliza mbona hamwambii. "Nikimwambia ataacha," Senge akasema, akaendelea kula. Nilikazana kutazama sahani. Katika nyumba ile hakuna aliyesifiwa machoni. Ulikuwa ukilaumiwa kwa sauti na kusifiwa ukiwa umelala. Furaha niliyoipata usiku ule ndiyo iliyoniharibu, kwa sababu kesho yake nilivaa waya tena, na kesho kutwa, nikitaka kusikia kama nitasemwa vizuri tena.

Nilikuwa na sababu nyingine pia. Mtu anayerudia darasa huulizwa swali lilelile na kila anayemfahamu: bado uko? Nikiwa na waya, swali hilo lilinipita. Watu walinipungia mkono, wakanipita. Nikajifunza ufundi wake polepole. Ukiitwa jina, usigeuke; subiri mtu akuguse bega. Ukiguswa, toa waya mmoja tu, useme "eh?", umwache mtu arudie. Mara moja moja tikisa kichwa, gonga mguu chini. Ilikuwa kazi, na ilinichosha kuliko hesabu. Kila Alhamisi kina mama wa maombi walikuja kwa Senge, na baada ya maombi walikunywa chai na viazi vitamu vya kuchemsha, nami nikawa wa kuzungusha birika. Waliongea juu ya kichwa changu kama ningekuwa birika lenyewe. Nilijua ni nani ananyimwa usingizi na mumewe, ni nani anajifanya mgonjwa ili mkaza mwana alime. Nilijua pia wanavyoniona. "Huyu mtoto anakaa kama mtu hana mtu," mmoja alisema, na mwenzake akamjibu, "Wacha, hao wa siku hizi ndivyo wako. Ukimnyang'anya hiyo muziki hata hawezi kujua jina yake." Nikawajazia vikombe. Nilikuwa na hasira nao, na bado ninayo kidogo, ingawa wengi wao wamekwisha kufa.

Mwezi wa tisa, siku ya soko, Mama Edina aliingia jikoni akiwa na gunia tupu begani. Huyu alikuwa jirani yetu wa Iguhu, aliyekuwa akileta mboga kuuza mjini. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda pembeni mwa mlango nachambua mrenda, waya masikioni. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akamuuliza Senge kwa sauti ya chini, "Huyu anasikia?"

"Huyo? Ameziba masikio. Sema tu."

"Basi mama yake amelazwa tena. Safari hii daktari amesema hakuna kitu watafanya, ni kumsaidia tu asisikie uchungu."

Senge aliweka mwiko chini. Nilimwona kwa pembe ya jicho. "Imefika hapo?"

"Imefika. Amekwisha kabisa, hata mkono yake ukishika unaogopa. Lakini amenituma kwako na neno moja. Ati mtoto asiambiwe. Anasema mwaka jana alianguka kwa sababu yake, na hawezi kumwangusha mara mbili. Mpaka amalize mtihani. Hata kama ni kufa, amesema, wacha nikufe, na mumwambie akishamaliza karatasi ya mwisho."

"Ni mambo gani hiyo anataka nibebe?"

"Ameniapisha, Mama Brenda. Na wewe pia amesema nikuapishe."

Nikaendelea kuchambua. Nilitoa jani, nikatupa shina, nikatoa jani, nikatupa shina, na nilipotazama bakuli niliona nimekuwa nikiweka mashina na kutupa majani. Mguu wangu ulikuwa bado unagonga chini. Nilikuwa nimeuzoesha hivyo, nao haukujua kusimama. Nilisikia Senge akiapa.

Nimejiuliza miaka hii yote kwa nini sikuzitoa zile waya palepale. Ningesema nimesikia, ningelia, ningepelekwa kwa mama siku hiyo hiyo. Lakini fikiria alichokuwa nacho mama. Hakuwa na shamba la maana, hakuwa na afya, na kitu kimoja tu alichokuwa bado anaweza kunipa ni mwaka mmoja usio na kilio. Alikuwa ameununua kwa kulala peke yake. Ningempelekea machozi yangu pale kitandani, ningekuwa nimemwambia kwamba hata hicho kimeharibika. Kwa hiyo nikaamua sijui. Ni uamuzi mgumu kuliko unavyosikika, kwa sababu mtu asiyejua lazima acheke akichekeshwa, alale akilala, na amalize chakula chake.

Mtihani ulianza, nikauandika. Senge alianza kuniwekea maziwa asubuhi, na Timo, aliyekuwa hajawahi kuninyanyulia hata ndoo, akaanza kunipigia pasi sketi. Nilijua maana yake: nao wameshaambiwa mama amezidiwa. Kisha, zikiwa zimebaki karatasi chache, nilirudi nikakuta bafu limefungwa na bomba limefunguliwa kwa nguvu zote, na nyuma ya maji yale Senge alikuwa akilia kwa sauti ya mtu aliyejifunga kitambaa mdomoni. Kina mama wakaja ingawa haikuwa Alhamisi. Walikaa sebuleni wakinong'ona mambo ya mochari, na nani aendeshe matanga huko nyumbani, na mwili unaweza kungoja mpaka lini. Mimi nilipita katikati yao na birika. Mmoja wao alininyoshea kikombe, nikamjazia bila kumwaga hata tone. Jioni ile Brenda alikuja kwenye kitanda changu, akanitoa waya zangu taratibu, akanivalisha zake. "Leo chukua yangu," akasema. "Nimeweka mpya." Ilikuwa mara ya kwanza muziki kuingia masikioni mwangu baada ya miezi mingi. Ilikuwa kwaya, sauti nyingi, ngoma na kinanda, watu wazima wakiimba kwa furaha yao yote, na nilihisi kama ninapigwa. Nilivumilia mpaka alipolala. Kesho yake nikaenda kuandika karatasi ya Baiolojia, mama akiwa kwenye barafu.

Siku ya karatasi ya mwisho nilinusa kuku nikiwa bado nje ya lango. Kwetu huwezi kumwambia mtu habari ya msiba akiwa na njaa. Unamlisha kwanza, ndipo umwambie, ili apate nguvu za kulia. Senge alikuwa ametandika meza kwa kitambaa cha wageni. Obusuma ilikuwa inatoa moshi, ingokho, kuku mwenyewe, ilikuwa imeiva vizuri na mchuzi mzito, na katika sahani yangu, juu ya mapaja mawili, alikuwa ameweka firigisi. Msomaji wa mbali huenda asijue: firigisi ya kuku katika nyumba ya Kiluhya ni ya mwanamume mwenye boma, au ya mgeni mkubwa. Msichana anaweza kuzeeka bila kuionja. Niliitazama nikajua ndiyo taarifa yenyewe. "Kula, mama," Senge akasema. "Hiyo imondo ni yako." Timo na Brenda walikuwa wamekaa bila kugusa chakula. Nilikula yote. Nilitafuna firigisi ile ngumu, nikaimeza, nikanawa mikono. Ndipo Senge akaja nyuma ya kiti changu, akazitoa waya masikioni mwangu kwa mikono yake miwili, akaziweka mezani, na kuniambia kwa sauti ya upole nisiyowahi kumsikia nayo kwamba mama hayuko tena.

Sikulia. Nilijaribu, Mungu anajua. Nilikuwa nimelia kila siku tangu mwezi wa tisa, chooni, njiani, katika mto wa kulalia, na siku ile iliporuhusiwa nilikuwa mkavu kabisa. Wanawake walionishika mikono walingoja nianguke, sikuanguka. Matangani, watu wakipiga nduru kuanzia barabarani, mimi nilikuwa nimesimama kando ya jeneza kama niliyetumwa kuangalia ng'ombe. Nilimsikia mmoja akisema nyuma yangu, na safari hii hakujali kama nasikia: "Si ndiye huyo wa waya? Mama anakufa, yeye anacheza muziki." Senge alimgeukia akamwambia anyamaze, lakini hakumwambia kwa nini. Hakuwa anajua kwa nini. Mtihani niliupita vizuri. Gazeti halikunitaja wala shule haikunibeba juujuu, lakini alama zilitosha kunipeleka chuo, na huko ndiko ilikotoka ajira niliyonayo leo. Sijawahi kuona furaha ndani yake. Nikiona karatasi zile za matokeo, naona kitu nilichonunuliwa kwa bei nisiyoulizwa.

Kuna Jumamosi moja nimeiruka katika kusimulia, na naona nikiendelea kuiruka nitakuwa sijasema lolote. Ilikuwa kabla ya mtihani kuanza. Nilimwambia Senge naenda kusoma na wenzangu, nikaenda Iguhu. Nilifika kwetu kwanza ili nipate kisingizio, nikamkuta kijana wa jirani aliyekuwa akichunga mji, naye akasema mama ameenda hospitali kupimwa malaria. Alikuwa amefundishwa aseme hivyo. Nikaenda. Wodi ilikuwa na vitanda vingi na madirisha yaliyopakwa rangi nyeupe nusu, na nilimpita mama mara mbili kabla ya kumtambua. Alikuwa amebaki macho. Aliponiona, kitu cha kwanza alichofanya ni kuvuta shuka mpaka shingoni kuficha mwili wake, na cha pili ni kutabasamu.

"Nani amekuleta huku?"

"Nilikuja kuchukua sweta, wakasema uko hapa."

"Ni malaria tu. Keshokutwa wananitoa. Umekula?"

"Nimekula."

"Unasoma?"

"Nasoma, mama."

Tulikaa. Alikuwa akisikia uchungu. Niliuona ukipanda usoni na yeye akiukalia, akiuliza habari za kuku wa Senge kana kwamba hilo ndilo jambo. Nilimwambia habari za kuku wa Senge. Kila mmoja wetu alikuwa ameshikilia mlango wake, akiusukuma usifunguke, na sisi wawili tulikuwa upande mmoja. Kisha akaona waya zilizokuwa zimening'inia shingoni mwangu. Alikuwa hajawahi kuziona. "Ndiyo hiyo muziki wanasemanga?" akauliza. "Hebu nisikie."

Sikuweza kukataa. Nilimvalisha, sikio moja kisha la pili, vidole vyangu vikigusa nywele zake zilizokuwa zimepungua, na nikabonyeza kitufe kisichofanya kitu. Nilingoja aniambie haisemi. Mama alifumba macho. Alilaza kichwa kwenye mto, kisha kichwa kile kikaanza kwenda polepole huku na huku, na vidole vyake juu ya shuka vikaanza kupiga. Alikuwa akivuma wimbo wa kanisani, ule aliokuwa akiimba akipepeta mahindi, na akaufuata mpaka mwisho wake, ubeti kwa ubeti, kama mtu anayefuatisha anachosikia. Alipomaliza akazitoa waya, akazikunja vizuri, akaniwekea mkononi.

"Nyimbo nzuri," akasema. "Sasa nenda ukasome."

Nikazivaa pale mbele yake, nikasimama, nikamwambia nitakuja akishatoka. Akasema sawa.